Kwa askari wapya mlioripoti juzi kutoka depo, chuo cha polisi

Juzi nimesoma maelezo ya shahidi yaliyoandikwa na konstebo mmoja mgeni hapa Dodoma. Shahidi ni mama muuza karanga, lakini kwenye karatasi anaongea kama wakili: "nilimtambua mtuhumiwa pasipo shaka." Nikamuuliza kijana, mama alisema hivyo? "Afande, alimaanisha hivyo." Usiku sikulala vizuri.

1. Nawasikia kantini mkisema Mangu na Sirro walipewa ubalozi kwa sababu ya vyeo vya mabegani. Ernest Mangu alikuwa IGP, yaani Mkuu wa Jeshi la Polisi, hadi Mei 2017, baadaye akaenda kutuwakilisha Rwanda. Simon Sirro alimpokea, na Julai 2022 alipomwachia kiti Camillus Wambura, akateuliwa balozi Zimbabwe. Sawa, anayeteua ni Rais. Ila iangalieni kazi yenyewe. IGP anaamrisha askari nchi nzima. Balozi akiwa Harare hamkamati hata mwizi wa kuku. Mkataba wa Vienna wa 1961 unamtaka aheshimu sheria za wenyeji wake, asiingilie mambo yao ya ndani, aifahamu hali ya nchi hiyo kwa njia halali na kuiripoti kwa serikali iliyomtuma. Kusikiliza na kuandika. Ninyi mnaifanya kazi hiyo CRO, chumba cha mashtaka kituoni, kila shifti, na mnaiharibu.

2. Kwenye RB, kitabu cha taarifa cha kituo, andika saa. PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, mpe majeruhi kwanza, maswali baadaye.

3. Maelezo. Hapa nakaa, maana kosa hili nililifanya mimi.

Nilikuwa na miaka miwili kazini. Mzee mmoja wa Kigogo aliibiwa ng'ombe wanne usiku. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, na mimi nilikuwa nawahi basi la jioni. Alisema aliona mtu mwenye shuka kama ya jirani yake. Nikaandika: "nilimwona jirani yangu." Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai inataka shahidi asomewe maelezo yake na apewe nafasi ya kurekebisha. Sikumsomea. Nilimshika kidole gumba, nikakigandamiza kwenye wino, nikaondoka.

Jirani alikaa mahabusu miezi mitano. Mvua zilikuja zikaondoka, shamba lake halikulimwa. Mahakamani mzee aliulizwa mara moja tu: ulimwona uso? "Hapana. Niliona shuka." Kesi ikafa pale pale, na ng'ombe hawakupatikana. Kwenye korido mzee alinishika mkono, wala hakupandisha sauti: "Mwanangu, mbona uliandika nisichokisema?" Jirani alikuwa amesimama nyuma yake, mwembamba, anasubiri kusikia jibu. Sikuwa nalo.

4. Nilitaka kusema juu ya doria na viatu. Itasubiri.

Kesho saa mbili asubuhi mimi na yule konstebo tunakwenda kwa mama wa karanga kuchukua maelezo ya nyongeza. Ataandika yeye, na atamsomea mama neno kwa neno nikiwa nimekaa hapo.