Kosa la Bibi Macbeth ni majambia, si maneno

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza iwapo Bibi Macbeth, kwa jinsi alivyomshinikiza mumewe, ndiye anayestahili lawama kubwa zaidi ya kuuawa kwa Mfalme Duncan katika tamthilia ya Shakespeare. Kwa maoni yangu ana hatia kamili ya mauaji hayo, lakini si kwa sababu inayotajwa na wengi.

Wengi hutaja ulimi wake. Ni kweli kwamba anamwita mumewe mwoga na kuutilia shaka uanaume wake, hata kudai kwamba, lau angeapa kama alivyoapa mumewe, angemchomoa titi mdomoni mtoto wake mchanga na kumpasua kichwa. Hata hivyo, wazo la kuua lilimjia Macbeth njiani, mara tu alipousikia utabiri wa wachawi kwamba atakuwa mfalme, kabla mkewe hajaisoma barua yake ya kumpasha habari hiyo. Na mke mwenyewe anamkumbusha kwamba ni yeye aliyelianzisha jambo hilo. Tena, muda mfupi kabla ya kubishana naye, Macbeth, akiwa peke yake, anajihesabia sababu nzito za kuacha: Duncan ni ndugu yake, ni mfalme wake, ni mgeni nyumbani mwake, na ametawala kwa upole. Mkewe anapoingia, hamtajii hata moja kati ya sababu hizo isipokuwa kwamba mfalme amemtunukia heshima na kwamba watu wanamsifu. Mtu aliyekusudia kweli kuacha hangezificha hoja zake kubwa na kuja barazani na ile iliyo nyepesi kuliko zote. Nashuku alitaka kushindwa.

Linalomtia hatiani mkewe ni mikono yake. Ndiye aliyewawekea walinzi wa mfalme dawa ya usingizi katika kinywaji na kuyaandaa majambia yao mahali ambapo mumewe asingeweza kuyakosa. Macbeth alipotoka chumbani ameyashika, asithubutu kurudi, mke aliyachukua, akaenda kuwapaka walinzi damu ili wao ndio wadhaniwe wauaji. Ana kisingizio kimoja, kwamba angemuua Duncan mwenyewe kama mzee huyo usingizini asingefanana na baba yake, nacho kinazidi kumtia hatiani. Huyo si mtu aliyemtia mwenzake ndimu kisha akakaa kando kutazama. Ni mshirika, na ushirika wake haumpunguzii mumewe hata chembe ya kosa.

Ila mpaka wa hatia yake ni Duncan. Walinzi waliuawa na Macbeth bila kumshauri yeyote. Kuhusu Banquo, jemadari mwenzake ambaye Macbeth aliamuru auawe, mkewe alipouliza kuna nini, aliambiwa kwa maneno ya kubembeleza kwamba ni heri asijue. Mauaji ya mke na watoto wa Macduff, bwana mkubwa aliyempinga Macbeth, yaliamuliwa wakati wanandoa hao hawaonekani tena wakishauriana. Anayesema kwamba mwanamke huyu ndiye aliyekuwa akimwendesha Macbeth itambidi aeleze kwa nini damu iliongezeka kadiri sauti yake ilivyofifia.

Kwa hiyo mimi nisingemshtaki kwa kifo cha mke wa Macduff. Lakini katika sehemu ya tano, akitembea usingizini huku akisugua mikono, anauliza mwanamke huyo yuko wapi sasa, kisha anarudia kulalamika kwamba mikono hiyo haitatakata kamwe.