Muulize Mwalimu: Sukuma Wiki ya Gredi ya Nane

Bwana Yesu asifiwe, Mwalimu.

Naishi Donholm na mume wangu na watoto wetu wawili. Kifungua mimba ana miaka 14, yuko Gredi ya Nane. Mwaka ujao atafanya KJSEA, mtihani wa mwisho wa Gredi ya Tisa, na baba yake ameshasema kwamba ni lazima apate EE, ile alama ya juu kabisa, ili aitwe shule kubwa Gredi ya Kumi. Basi la shule humchukua stejini saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri, humrudisha saa kumi na mbili jioni. Akishakula na kumaliza kazi ya ziada, ni saa nne na nusu usiku. Jumamosi ana tuisheni ya Hisabati na Sayansi pale Greenspan, mwendo wa dakika ishirini kutoka kwetu. Muhula huu mwalimu wa tuisheni ameongeza Jumapili, saa mbili hadi saa sita, na hiyo ndiyo saa ya darasa la kipaimara kanisani kwetu. Mume wangu anasema kipaimara kitangoja, Mungu hawezi kumkasirikia mtoto anayesoma. Mimi roho inanisuta, lakini pia naogopa mwanangu asiachwe nyuma na wenzake.

Jambo lingine. Mwezi uliopita, kabla ya hiyo tuisheni ya Jumapili kuanza, nilimpa shilingi 100 za sadaka akanunulia smoki na mayai boilo. Nilipomuuliza aliniangalia machoni akasema ametoa. Mdogo wake ndiye aliyenifichulia. Kijana huyu hakuwa hivi, Mwalimu. Baba yake anasema ni umri.

Na labda nikwambie pia, ingawa ni jambo dogo: kabla ya hayo yote, kwenye mradi wa Kilimo waliambiwa wapande mboga kwenye gunia na kuandika shajara ya wiki sita. Hatukupata nafasi. Nilinunua miche iliyokomaa ya sukuma wiki kando ya barabara ya Outering, tukakaa usiku mmoja tukaandika shajara yote. Nilimwambia abadilishe kalamu kila wiki ili isionekane. Alipata EE. Sasa nimrudishe kanisani au nimwache asome?

Mama wa Wawili, Donholm

Amina, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama palepale uliposema "ingawa ni jambo dogo".

Utaniwia radhi nikianzia huko, tuisheni nitaifikia. Umeniuliza juu ya shilingi 100 za sadaka, na naona unahofia kwamba kukosa kanisa ndiko kutakakomharibu. Lakini tazama vizuri mpangilio wa mambo ulivyoniandikia mwenyewe. Alipokudanganya juu ya sadaka alikuwa bado anakwenda kanisani. Alichokuwa amejifunza kipya ni ile shajara. Alikaa mezani na mama yake mzazi, mama anayemwombea kila usiku, akaandika "wiki ya tatu, majani mapya yametokea" juu ya mbegu ambayo hakuna mtu aliyeipanda. Akafundishwa na kubadilisha kalamu. Kisha uongo ule ukapewa alama ya juu kabisa na nyumba nzima ikafurahi. Mtoto wa miaka 14 si mjinga. Alielewa kwamba ukweli una siku zake, na kwamba ukimtazama mtu machoni bila kupepesa, mambo hupita.

Sikulaumu kama mtu aliyesimama mbali. Nimefundisha shule za msingi za hapa Nairobi miaka 31, Kiswahili na Elimu ya Dini ya Kikristo. Mwaka mmoja, katika mtihani wa dini, nilimkuta msichana na mwakenya, majibu ya kuibia mtihani. Amri Kumi, zote, ameziandika kwa kalamu juu ya paja, chini ya sketi. Nilipomtoa nje alitetemeka hadi nikamshika. Hakuomba nimsamehe. Aliomba nisimwambie mama yake, kwa sababu mama alikuwa amemwambia asirudi nyumbani na alama chini ya 80. Mama huyo nilimfahamu. Tuliimba kwaya moja.

Na mimi nina langu. Binti yangu alifanya KCPE, mtihani wa zamani wa darasa la nane, mwaka 1998, wakati huo alama zikihesabiwa kati ya 700. Mwaka mzima wa darasa la nane nilimtoa Shule ya Jumapili, na mwalimu wake wa pale alipomwulizia nilisema ana kifua, baridi ya asubuhi haimfai. Nilisema hivyo binti amesimama kando yangu, ameshika mkono wangu. Alifaulu, akaenda shule ya bweni nzuri, leo ana kazi nzuri na ni mtu mwema. Alipofika miaka 20 nilianza kumsihi arudi kanisani. Alinijibu kwa upole kabisa: "Mama, wewe ndiye ulinifundisha kwamba Mungu anaweza kusubiri." Bado tunapendana, hunipigia simu kila Jumapili jioni, lakini ibada hatuizungumzii. Kwa hiyo mume wako aliposema kipaimara kitangoja, nililisikia neno hilo kwa sauti yangu mwenyewe.

Hata hivyo, mume wako usimfanye adui. Baba anayeamka usiku kuhesabu karo hapendi alama kuliko mtoto, anaogopa. Na katika jambo moja ana haki: kusoma na kumcha Mungu havikuanza kama vitu viwili vinavyopigana. Kule Kikuyu, wazee waliwaita Wakristo wa kwanza "athomi", yaani wasomaji, kwa kuwa aliyeingia kanisani aliingia darasani siku hiyohiyo. Maseno ilianzishwa na wamisheni mwaka 1906, Mang'u mwaka 1925, Alliance mwaka 1926 na makanisa ya Kiprotestanti yaliyoungana. Shule hizo anazozitamani mumeo zilizaliwa na watu waliopiga magoti kwanza. Mwambie hivyo. Usimwambie kwamba anapenda dunia, hatakusikia.

Tulichokosea wazazi wa Nairobi ni kuchukua hofu ya KCPE tukaihamishia kwenye mtaala mpya. KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka 2023. Mtaala huu wa umilisi ulikusudiwa kumwondolea mtoto mzigo wa kuamuliwa maisha yake kwa siku tatu za mtihani, ndiyo maana katika alama ya mwisho ya Gredi ya Tisa, KPSEA, mtihani wa Gredi ya Sita, inachangia asilimia 20, tathmini za shuleni za Gredi ya Saba na ya Nane asilimia 20, na KJSEA asilimia 60. Sisi tukaona ile asilimia 20 ya shuleni ni mahali pa kuchuma kwa mkono wa mama. Nenda saiba yoyote ya mtaani, duka la kompyuta na kuchapisha, Jumapili usiku uone ni nani anayechapisha miradi: ni akina mama na akina baba, watoto wameshalala. Mtoto anapata EE ya kazi ya mzazi wake, na mzazi anajiambia kwamba amesaidia.

Mbegu hiyo hukua. Utakumbuka KCSE, mtihani wa kidato cha nne, ya mwaka 2015, waliopata A walikuwa zaidi ya 2,000. Mwaka uliofuata ulinzi wa karatasi ukakazwa, A zikawa 141 nchi nzima. Watoto wa 2016 hawakuzaliwa na akili haba kuliko kaka zao. Na wale walionunua karatasi kabla ya hapo hawakuanzia kwenye karatasi ya Kemia. Kila mmoja alianzia kwenye kitu ambacho nyumbani kwao kiliitwa kidogo.

Basi ufanye nini. Kwanza, zungumza na kijana kabla ya kuzungumza na mtu mwingine yeyote. Mweke jikoni, wawili tu, umwambie: ile shajara nilikosea, na nilikufundisha kukosea. Usianze na sadaka. Usimwambie "mimi nimekiri, sasa na wewe kiri." Ukishasema lako, nyamaza. Huenda asiseme kitu siku hiyo wala wiki hiyo. Mwache.

Halafu nendeni pamoja kwa mwalimu wa Kilimo. Najua hapo moyo umeshtuka. Alama inaweza kushuka, na mwalimu anaweza kukasirika. Mimi ningekasirika kidogo, kisha usiku ningemshukuru Mungu kwamba nimepata mzazi wa namna hiyo. Mwambieni mtoto ataupanda mradi upya, hata kama hauhesabiwi tena. Gunia moja, udongo, samadi, mbegu za sukuma wiki za pakiti ndogo. Mbegu huchukua kama wiki moja kuchipua, miche ikae kitaluni karibu mwezi, kisha ihamie kwenye gunia, na baada ya mwezi mwingine hivi mtachuma jani la kwanza. Aandike mwenyewe, kwa kalamu moja, hata siku ambazo hakuna kilichotokea. Akisahau kumwagilia na mche ukafa, aandike kwamba umekufa. Mboga ile ikiiva ipikwe, na mwenye shajara ndiye aombee chakula siku hiyo.

Kuhusu Jumapili asubuhi, jibu langu ni fupi: arudi kipaimara. Tuisheni ya Jumapili ikatwe, isihamishwe. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Wako analala saa nne na nusu, na kama basi linafika saa kumi na moja na dakika kumi basi ameamka saa kumi na nusu. Hizo ni saa sita. Kanuni za elimu za mwaka 2015 zinataka masomo ya shule ya kutwa yaanze saa mbili asubuhi na kwisha saa tisa na nusu, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza tuisheni ya likizo. Walioandika hayo walijua kwamba mtoto ni mwili pia. Jumapili mchana mwache alale. Mtoto aliyelala anaelewa aljebra kwa nusu saa ambayo aliyechoka angeikodolea macho asubuhi nzima.

Tuisheni ya Jumamosi sina ugomvi nayo, ila baba yake ndiye ampeleke, kwa miguu. Dakika ishirini kwenda, ishirini kurudi. Musa aliwaambia wazazi wayanene maneno ya Mungu waketipo nyumbani na watembeapo njiani, na mimi naamini ile ya njiani ndiyo inayowafaa vijana, kwa kuwa njiani hamtazamani usoni. Asimhubirie. Amweleze alivyosoma yeye, nani alimlipia karo, siku gani aliogopa, wapi alidanganya na kikamgharimu nini. Kijana wako anamjua baba wa matokeo. Huyo mwingine bado hajakutana naye.

Neno moja la mwisho kwako. Karibu na mitihani makanisa yetu huwaita watahiniwa mbele, wanainua kalamu na vifaa vya jometri viombewe. Naipenda sana siku hiyo, mimi hulia. Lakini usimwahidi mtoto kwamba akisali atapata EE. Akikosa, ataamini ama Mungu hayupo ama hampendi. Weka mkono kichwani pake umwombee utulivu, kumbukumbu ya aliyoyasoma, na ujasiri wa kuacha nafasi wazi pale asipojua jibu.

Mwalimu,

Binti yangu yuko Gredi ya Tisa na anataka mkondo wa Sanaa na Michezo akiingia Gredi ya Kumi, kwa sababu ya muziki. Ameimba kanisani tangu ana miaka sita. Mimi nataka STEM, yaani mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, nilitarajia daktari. Je, ni dhambi kumlazimisha?

Baba Msichana, Kawangware

Ndugu yangu, neno dhambi sitalitumia, lakini nakuomba usimlazimishe. Mikondo ni mitatu, STEM, Sayansi za Jamii, na Sanaa na Michezo, na yote mitatu ina mlango wa chuo kikuu. Kwanza tazameni tathmini zake za miaka hii pamoja, kwenye meza moja. Kama Sayansi anaipenda na anaiweza, mwulize kama muziki ni wito au ni raha ya wikendi, na umsikilize hadi mwisho. Kama Sayansi inamliza kila muhula, basi unatafuta daktari kwa mtoto asiye wako.

Umemsikia akiimba kanisani miaka tisa. Je, umewahi kwenda kumsikiliza siku ya mazoezi, Jumamosi, wakati mwalimu wa kwaya anamrudisha kwenye mstari mmoja mara kumi naye anaurudia bila kununa? Nenda Jumamosi hii, ukae kiti cha nyuma, kisha uniandikie.