Maji ndani ya taa za gari: kosa nililolifanya na namna nilivyolirekebisha

Asubuhi moja, baada ya mvua iliyonyesha usiku kucha, niliikuta taa ya mbele ya kulia ya gari langu imejaa ukungu, na chini kabisa, pembeni mwa balbu ya kuonyeshea kona, matone yamejipanga kama jasho kwenye chupa ya maji baridi. Sikuulizia kwa mtu yeyote. Nilinunua mrija wa silikoni, nikapaka kuzunguka kiungio chote cha kioo na ganda la taa, kisha nilipoona nyuma ya taa kuna vitundu viwili vidogo visivyo na kazi yoyote niliyoifahamu, nikaviziba navyo. Wiki mbili baadaye ukungu ulikuwa umegeuka dimbwi dogo ambalo lilihama kutoka upande mmoja hadi mwingine kila nilipopiga kona.

Fundi wa umeme wa magari niliyempelekea hatimaye hakuigusa silikoni yangu kwanza. Alifungua boneti, akaingiza mkono nyuma ya taa, akatoa kile kifuniko cha raba kinachofunika balbu, akanionyesha ukingo wake. Waya mmoja ulikuwa umebanwa chini ya raba, na palipobanwa palikuwa na mwanya wa unene wa njiti ya kiberiti. Nikakumbuka kwamba miezi michache kabla ya hapo nilikuwa nimebadilisha balbu hiyo mwenyewe, gizani, kwa haraka. Maji yalikuwa yakiingilia mlango wa nyuma nilioufungua kwa mkono wangu, na mimi nilikuwa nikiziba dirisha la mbele.

Ushauri wangu, basi, ni kwamba ukiona maji ndani ya taa uanze kwa kuuliza ni nini kiliguswa hivi karibuni. Balbu ikiwa ilibadilishwa, bampa ikiwa ilifunguliwa au gari likiwa liligongwa kidogo mbele, anzia hapo hapo. Kagua kifuniko cha nyuma, raba yake, na oringi, yaani pete ya raba iliyo kwenye shingo ya soketi ya balbu. Raba iliyokakamaa au kupasuka haifai kupakwa chochote, ibadilishwe.

Vile vitundu nilivyoviziba vilikuwa na kazi kubwa kuliko nilivyodhani, kwa sababu taa za magari ya kisasa hazifungwi kabisa, bali hupumua. Balbu ya halojeni ya wati 55 inapowaka hupasha moto hewa iliyomo ndani, hewa hiyo hupanuka na sehemu yake hutoka. Ukizima taa, iliyobaki hupoa na kusinyaa, na hewa ya nje huvutwa ndani pamoja na unyevu wake. Watengenezaji huweka matundu ya kupumulia, mara nyingi yenye kimrija kilichopinda kuelekea chini au kipande cha utando unaopitisha mvuke na kuzuia matone, ili unyevu ulioingia upate pa kutokea. Nilipoyaziba, maji yaliyopenya kwenye mwanya wa raba hayakuwa tena na njia ya kukauka. Siku hizi nikikagua taa huwa naangalia kama kimrija hicho hakijachomoka, hakijazibwa na tope, wala hakijaingiliwa na wadudu wanaojenga viota humo.

Kwa sababu hiyo hiyo, si kila ukungu ni ubovu. Ukungu mwembamba unaojitokeza kwenye kona ya kioo hali ya hewa inapobadilika, kisha ukatoweka baada ya nusu saa hivi ya kuendesha taa zikiwa zimewaka, ni jambo la kawaida. Mwenye taa za LED awe na subira zaidi, kwa kuwa taa hizo hazitoi joto jingi upande wa mbele na ukungu wake hukawia kuondoka. Cha kukutia wasiwasi ni matone makubwa yanayoteremka, maji yaliyotuama, au ukungu usioisha siku nzima.

Kukausha ndiyo kazi rahisi kuliko zote, lakini isitangulie kutafuta chanzo. Mimi niliitoa taa yote garini, nikachomoa balbu, nikamwaga maji kupitia tundu la nyuma, kisha nikaiacha mahali pakavu penye joto kwa siku mbili, na mara kwa mara nikipuliza hewa ndani kwa mashine ya kukaushia nywele ikiwa kwenye joto la chini, bila kuielekeza sehemu moja kwa muda mrefu, kwa maana plastiki hujikunja. Usithubutu kuingiza kitambaa kufuta kiakisi mwanga: ule mng'ao ni tabaka jembamba mno la alumini, na mkwaruzo wake haufutiki. Balbu ya halojeni nayo usiishike kioo chake kwa vidole vitupu, kwa kuwa mafuta ya ngozi husababisha sehemu hiyo kupata joto kupita kiasi na balbu kuungua mapema. Na ikiwa gari lina taa za ksenoni, zima kila kitu na uchomoe waya kabla ya kugusa, au mwachie fundi kabisa, maana mfumo wake huwasha kwa volti zinazozidi 20,000.

Baada ya kukauka ndipo nilipojaribu kama kiungio kinavuja. Niliifunga taa vizuri nyuma, nikayazibua matundu ya kupumulia, nikaziba moja kwa kidole, nikapuliza kwa mdomo taratibu kupitia jingine kwa mpira mwembamba, huku mwenzangu akipaka povu la sabuni kwenye kiungio. Mapovu yalifura mahali pamoja tu, juu karibu na kona. Usitumie kompresa kwa zoezi hili, kwa sababu presha yake inaweza kuufungua ule mwungano unaotaka kuupima. Niliikwangua silikoni yangu ya zamani, kazi iliyonichosha kuliko yote, nikapaka nyingine isiyo na harufu ya siki. Ile yenye harufu hiyo hutoa mvuke wa asidi wakati inakauka, na mvuke huo ukiingia ndani hudhuru kiakisi.

Nimewahi kushauriwa nitoboe tundu dogo chini ya taa ili maji yatoke yenyewe. Yatatoka, lakini vumbi na maji ya barabarani vitapita hapo hapo kuingia. Vile vipakiti vya chembechembe za kunyonya unyevu navyo hushiba haraka, na kukiachwa kimoja karibu na balbu kinaweza kuungua. Mimi nilivitumia usiku mmoja tu, kumalizia ukavu, nikavitoa kabla ya kurudisha balbu.

Kioo kikiwa na ufa mrefu, au kiakisi kikiwa kimeanza kubabuka na kuwa na madoa meusi, sioni faida ya kuendelea kuhangaika, kwa sababu hata ukifanikiwa kuikausha taa hiyo haitamulika barabara inavyopasa. Angalia pia miguu ya soketi: shaba iliyoota kutu ya kijani hupunguza umeme unaofika kwenye balbu.

Kuhusu kuosha gari, nimebadili mazoea. Sioshi nikiwa nimetoka tu kuendesha na taa zimewaka, kwa kuwa maji baridi yakimwagikia taa yenye moto, hewa ya ndani husinyaa ghafla na kuyavuta maji kupitia mwanya wowote uliopo. Mashine ya presha nayo naishika mbali na kiungio cha kioo, na boneti ikiwa wazi siielekezi kabisa nyuma ya taa.