Sikupata homa baada ya chanjo ya UVIKO: je, nilidungwa maji?

SWALI: Mfamasia, habari za kazi. Mimi ni muuguzi kwenye zahanati huku Busokelo, nina miaka 56. Agosti 2021 nilichanjwa Janssen pamoja na wenzangu wawili vijana, kichupa kimoja, siku moja. Wao usiku walitetemeka kwa homa, mimi hata mkono haukuuma. Chanjo ililetwa kwa pikipiki, na kibebeo kilipofunguliwa vipakiti vya barafu vilikuwa vinacheza maji. Kichupa chenyewe hakikuwa na ile alama ya mraba ndani ya duara tuliyoizoea, inayobadilika rangi chanjo ikipata joto. Januari 2022 nikaugua UVIKO, nikapimwa ikathibitika. Tangu hapo nawaza kwamba nilidungwa maji. Nikipima kingamwili (protini za damu zinazopambana na ugonjwa) nitapata jibu? Ndaga.

JIBU: Shikamoo dada. Nianze na barafu, maana naona shaka yako ilianzia hapo, na hapo hapo ndipo aliyefungasha ule mzigo anapostahili pongezi.

Kipakiti kikitoka kwenye friza kinakuwa chini kabisa ya nyuzi 0. Ukikipanga hivyo hivyo ndani ya kibebeo, chanjo inayogusana nacho inaganda. Ndiyo maana utaratibu unataka vipakiti vikae nje kwanza, mpaka ukikitikisa kimoja usikie maji yanacheza ndani. Ukisikia hivyo, ujue kimefika nyuzi 0 na hakitagandisha kitu. Kwa hiyo ulichokiona ndicho tunachowafundisha watu wafanye, na wengi hawafanyi.

Huku kwetu nyanda za juu kosa hili ni la kawaida kuliko joto. Juni na Julai, Makete na Kitulo umande unaamka umeganda kwenye majani, lakini bado mtu anajaza kibebeo barafu ngumu kama mawe akidhani anaongeza usalama. Chanjo za pentavalenti (ya watoto), pepopunda na HPV (ya saratani ya mlango wa kizazi) zina chumvi ya alumini ndani yake. Zikiganda chembe zinashikamana na nguvu inapotea, na kwa macho ya haraka huoni tofauti mpaka ufanye lile jaribio la kutikisa kichupa na kutazama chembe zinavyotuama. Chanjo nyingi zinazoharibikia vijijini kwetu, kwa maoni yangu, zinaharibiwa na baridi wakati kila mtu anaogopa jua.

Janssen iko tofauti kidogo. Haina alumini. Kwa mtengenezaji huhifadhiwa imeganda, kati ya nyuzi 25 na 15 chini ya sifuri. Ikishayeyushwa hukaa nyuzi 2 hadi 8 na hairudishwi kugandishwa. Kichupa ambacho hakijatobolewa kinavumilia hata saa 12 kwenye nyuzi 9 hadi 25. Pikipiki ya kutoka Tukuyu kuja kwenu haimalizi saa hizo, hata ikipata pancha njiani. Mimi wasiwasi wangu ungekuwa kwenye saa ya kufungua: kikishatobolewa, kichupa kitumike ndani ya saa 6 kikiwa kwenye baridi ile ile ya 2 hadi 8. Kina dozi 5, nanyi mlikuwa watatu mliochanjwa pamoja, kwa hiyo sioni dalili kwamba kilikaa wazi muda mrefu.

Kuhusu alama ya mraba, vichupa vya Janssen havikuwa nayo kabisa. Kati ya chanjo za UVIKO zilizotufikia, Sinopharm iliyoingia nchini Oktoba 2021 ndiyo iliyokuja nayo. Kukosekana kwake hakukuambii lolote kuhusu kichupa chako.

Sasa homa. Katika utafiti mkubwa wa Janssen, uliokuwa na watu zaidi ya 43,000, waliopata homa baada ya sindano ni kama 9 katika kila 100. Maumivu ya mkono yaliwapata karibu nusu. Maana yake wengi hawakupata homa, na bado kundi lile lililindwa. Wenye miaka 60 na kuendelea walipata maudhi machache kuliko vijana, na wewe mwaka ule ulikuwa umeshavuka 50 huku wenzako wakiwa vijana. Jambo jingine ambalo watu hawalitaji: hata waliodungwa sindano isiyo na chanjo, karibu robo yao walilalamika kuumwa kichwa. Homa si risiti ya chanjo, wala kukosa homa si ushahidi kwamba hukuchanjwa.

Mimi nilichanjwa hapa Mbeya mjini zamu yetu ilipofika, baada ya Rais Samia kuzindua zoezi tarehe 28 Julai 2021, sisi wa afya tukiwa kundi la mwanzo pamoja na wenye miaka 50 na zaidi na wenye maradhi sugu. Usiku nilitetemeka, nikaongeza blanketi, nikameza Panadol. Mzee mmoja wa idara yetu, aliyekuwa anakaribia kustaafu, alichanjwa dakika chache kabla yangu na asubuhi yake alikuwa anamwagilia mboga zake Uyole. Tulimtania sana.

Kuugua Januari 2022 pia hakuthibitishi kwamba ilikuwa maji. Omikroni, aina mpya ya kirusi cha UVIKO iliyotangazwa Novemba 2021, ilikuwa na mabadiliko mengi kwenye ile protini ya miiba ya nje ya kirusi ambayo chanjo iliufundisha mwili kuitambua. Dozi moja ilikuwa kinga dhaifu ya kuzuia maambukizi. Mchango wake ulikuwa zaidi kwenye kuzuia ugonjwa mkali, ambako utafiti wa kabla ya Omikroni ulionyesha asilimia 85. Wewe hukusema kama ulilazwa. Lakini hata kama hukulazwa, siwezi kukuambia ni chanjo iliyokuokoa: kwa mtu mmoja hilo halipimiki.

Kipimo cha kingamwili usinunue. Vipo vinavyotafuta kingamwili za protini ya miiba, na vipo vinavyotafuta za protini ya ndani ya kirusi, ile N. Janssen inafundisha miiba tu. Mtu aliyechanjwa na hajawahi kuugua, akipimwa kwa kile cha N, ataambiwa hana kitu, na hapo ndipo watu wengi walipojitia hofu isiyo na msingi. Kwako hakina faida kabisa: umeshaugua, kwa hiyo kingamwili za aina zote mbili zinaweza kuonekana, na hakuna atakayejua zipi zilitoka kwenye sindano ya 2021.

Swali lenye faida kwako ni dozi ya pili. Desemba 2021 washauri wa WHO walisema Janssen ni vizuri zitolewe mbili, zikipishana miezi 2 hadi 6. Kama kadi yako bado inaonyesha moja, ibebe umuone mratibu wa chanjo wa halmashauri, umuulize ni chanjo gani ipo sasa. Hautaanza upya, na si lazima iwe Janssen tena.