Kufungua bustani ya Kifaransa kwa wageni wa hisani: uzoefu wetu Suffolk

Ndugu mleta mada, umesema umehamia nyumba yenye bustani ya mtindo wa Kifaransa huko Kent, na jirani anakushawishi uifungue siku moja kwa wageni wa kulipa. Unauliza kama inatosha, kama watu hawataiharibu, na hela zinakwenda wapi. Sisi tunafungua yetu hapa Suffolk, Uingereza, kila kiangazi kupitia National Garden Scheme, mpango wa hisani wa watu kufungua bustani zao kwa kiingilio, na mimi ni muuguzi wa hospisi, yaani huduma ya wagonjwa walio mwishoni mwa maisha, kwa hiyo naanza na hilo la hela.

Mpango huu ulianzishwa kwa ajili ya wauguzi. Mwaka 1926 mama mmoja, Elsie Wagg, aliyekuwa kwenye baraza la Queen's Nursing Institute, taasisi ya wauguzi wanaozunguka majumbani, alitoa wazo kwamba wenye bustani nzuri wafungue mageti kwa kiingilio cha shilingi moja kwa kila mtu. Mwaka uliofuata zilifunguliwa bustani 609 na zikapatikana zaidi ya pauni 8,000. Huduma ya afya ya taifa ilikuwa bado haijaanza, ilikuja 1948, na muuguzi wa kijiji aliishi kwa michango. Leo fedha zinakwenda kwa mashirika ya hisani ya wagonjwa na walezi kama Macmillan, Marie Curie, Hospice UK, Carers Trust, Parkinson's UK, na hao hao Queen's Nursing Institute wa tangu mwanzo. Nimekaa na familia ambazo mgonjwa wao alifia kitandani kwake kama alivyotaka, kwa sababu kulikuwa na muuguzi wa kukesha naye. Pauni tano za getini zinaishia huko.

Ukubwa usikutishe. Mratibu wa mpango katika kaunti yako atakuja kuiona, na kipimo chake ni kama mgeni anaweza kuzunguka humo dakika 45 hivi bila kuchoka. Ikiwa ni ndogo, ungana na majirani mfungue kwa pamoja kwa tiketi moja. Vijiji vingi vinafanya hivyo.

Mtindo wa Kifaransa una faida yake hapa. Bustani ya mawaridi ikipigwa na mvua usiku wa kuamkia siku yako, huna cha kuonyesha. Hii yetu inasimama kwa mistari: vitanda vinne vya mimea vilivyozungushiwa ua mfupi (uzio) wa Buxus, kichaka cha majani madogo kinachokaa kijani mwaka mzima, njia za changarawe, lavenda katikati, na mipeasi iliyotandazwa ukutani. Hata mwezi usio na maua ina sura. Ila mistari haifichi kitu. Ua likipinda kidogo tu, mgeni analiona akiwa bado getini.

Kwa hiyo panga tarehe kwa kufuata mkasi. Watunza bustani wa huku kwa desturi hukata Buxus siku za mashindano ya farasi ya Epsom, mwanzoni mwa Juni, na sisi tunafungua mwishoni mwa mwezi huo huo wakati kingo bado ni kali. Tunafunga kamba kati ya vigingi viwili na kutandika shuka kuukuu chini ili majani yadondokee hapo. Kata siku kavu yenye mawingu. Jua kali huunguza majani yaliyotoka kukatwa, na unyevu husambaza ukungu (ugonjwa wa kuvu) unaoshambulia mmea huu. Safisha mkasi kwa dawa kabla ya kuhamia kitanda kingine.

Halafu kuna kiwavi, na hapa nakuomba uwe makini sana. Kila wiki panua matawi kwa mikono uangalie ndani, maana nje mmea unaweza kuwa kijani kabisa. Ukiona utando mweupe na chembechembe za kinyesi cha kijani, yupo: ana mwili wa kijani, mistari myeusi ubavuni na kichwa cheusi. Ni mtoto wa nondo aliyetokea Asia ya Mashariki, na akiachwa anamaliza ua zima. Sisi tunamwokota kwa mkono na kutundika mitego ya nondo. Ukungu au kiwavi akishakula nusu ya ua, usibembeleze, ng'oa kisha panda kichaka kiitwacho Ilex crenata badala yake. Majani yake yanafanana na Buxus na inakubali mkasi. Wala usione aibu wageni wakikuta kitanda kimoja bado kichanga. Wengi wana tatizo hilo hilo nyumbani na watakuuliza ulichofanya.

Kuharibu? Hawaharibu. Wanaokuja ni watu wa bustani, wanatembea taratibu na mikono nyuma. Funga nyumba, weka mtu wa kukaa getini, na ujue kwamba mpango wenyewe una bima ya dhima kwa umma, ya kukukinga mgeni akiumia, kwa siku za kufungua. Changarawe iliyolegea ndiyo ya kufikiria, kwa sababu kiti cha magurudumu kinazama. Ishindilie, tandika mbao kwenye njia kuu, au andika wazi kwenye tangazo kwamba njia ni ngumu. Andika pia kama choo kipo.

Chai usiiache. Chai, keki na skonzi huongeza sana mapato, na mtu akishakaa na kikombe hununua na miche. Chukua vipandikizi vya lavenda mwezi wa nane, vitunze majira ya baridi, kiangazi kinachofuata una vyungu vya kuuza. Wewe mwenyewe usijifiche jikoni. Mwachie mtu mwingine birika, usimame karibu na mipeasi, kwa sababu kila mgeni atataka kujua matawi yalifungwaje.

Kitabu chao cha jalada la njano hutoka mapema kila mwaka, na bustani zinazoingia humo hupangwa mwaka unaotangulia. Mtafute mratibu wa Kent sasa hivi, aje aione wakati ua limetoka kukatwa. Ukishapata tarehe iandike hapa, tupo wengi mashariki mwa Uingereza na tutakuja.