Jibu: Kwa nini Brothers in Arms ya mjomba ni fupi kuliko toleo la miaka 40

Mkuu, umeuliza kwa nini nyimbo za albamu ya Brothers in Arms ni fupi kwenye santuri ya mjomba wako kuliko kwenye toleo la kuadhimisha miaka 40 ya albamu hiyo. Santuri yake ni nzima kabisa, wala waliotoa toleo hilo hawakurefusha nyimbo ili wauze.

Dire Straits, bendi ya roki ya Uingereza, waliitoa albamu hii Mei 1985, CD ndiyo kwanza zinaingia sokoni. CD inameza dakika zote bila taabu. Santuri haiko hivyo: ukibana muziki mwingi upande mmoja, mifereji ambayo sindano hupita inasogeleana, inabidi sauti ishushwe, na besi ndiyo inaumia mapema. Nyimbo 5 za upande A zikiwa kamili zinakaribia dakika 33. Huo ni mzigo! Kwa hiyo 4 kati yake zikapitiwa wembe, ila Walk of Life ikanusurika. Upande B haukuguswa.

Fanya jaribio na Why Worry. Kwenye CD ina dakika 8 na sekunde 31. Kwenye santuri ya mjomba karibu dakika 3 hazipo, na nyingi ni zile gitaa tulivu za mwishoni. Kwangu huo ndio utamu wenyewe, kwa hiyo walikata pabaya.

Toleo jipya limegawa albamu kwenye santuri 2, nafasi ikapatikana. Seti kubwa ya toleo hilo ina pia rekodi ya tamasha lao la San Antonio, Texas, la Agosti 1985. Kama bajeti inabana, tafuta CD yoyote ya zamani, nyimbo zimo zote kamili. Ya mjomba usiuze.