Maswali ya Wasomaji: Seli yenye seti moja ya kromosomu yamsaidia nini mtafiti?

Swali: Ndugu Mhariri, nafundisha biolojia katika shule ya sekondari hapa Gulu, Uganda. Nilipoeleza darasani kwamba seli ya mwili wa binadamu ina kromosomu 46, mwanafunzi mmoja alisema kuwa zipo seli za binadamu zenye seti moja tu ambazo hukuzwa maabara, na kwamba ndizo zilizofichua namna Ebola inavyoingia mwilini. Je, ni kweli? Na sisi tuliopatwa na ugonjwa huo mwaka 2000 tumenufaika nini? – *Mwalimu, Gulu*

Jibu: Ndugu Mwalimu, mwanafunzi wako amesema kweli, isipokuwa kwamba kilichofichuliwa ni namna virusi vinavyopenya ndani ya seli yenyewe.

Karibu kila jeni katika seli ya kawaida ina nakala mbili, ya baba na ya mama, kwa hiyo mtafiti akiharibu moja, mara nyingi ile ya pili huendelea na kazi na yeye haoni badiliko lolote. Katika seli ya haploidi, yaani yenye seti moja ya kromosomu, hakuna nakala ya akiba, na jeni ikiharibika athari yake hujitokeza mara moja. Watafiti wa hamira walifaidi jambo hili kwa miongo mingi, kwa kuwa hamira huweza kuishi ikiwa haploidi. Kwa binadamu, njia ilifunguliwa na seli za mgonjwa mmoja wa saratani ya damu, ziitwazo KBM-7, ambazo karibu kromosomu zake zote ni moja moja, isipokuwa ya 8 na kipande cha ya 15. Kutokana nazo zilipatikana HAP1, ambazo hukua zikiwa zimeshika sakafu ya chombo.

Mwaka 2009 watafiti Jan Carette, Thijn Brummelkamp na wenzao walionyesha jinsi ya kuzitumia. Virusi visivyo na madhara hupeleka kipande cha DNA ambacho hujichomeka popote katika jeni na kuizima, hivyo katika mamilioni ya seli karibu kila jeni isiyo ya lazima kwa uhai huwa imezimwa mahali fulani. Kisha humwagiwa virusi vinavyoua. Baada ya siku kadhaa seli zilizokufa huelea, na chini ya chombo hubaki visiwa vidogo vya seli hai. Hizo ndizo husomwa DNA zao, na jeni ile ile ikikutwa imezimwa tena na tena katika visiwa tofauti, basi ndiyo ambayo virusi viliihitaji.

Kwa njia hiyo, mwaka 2011 ilijulikana kwamba Ebola huihitaji protini ya NPC1, ambayo kazi yake ya kila siku ni kusafirisha kolesteroli ndani ya seli. Seli za ngozi za watu waliozaliwa na hitilafu ya jeni hiyo, yaani wagonjwa wa ugonjwa wa kurithi uitwao Niemann-Pick aina ya C, hazikuambukizwa. Jambo linalonivutia zaidi ni kwamba uchujaji huo ulitumia virusi vingine vilivyovishwa protini ya juu ya Ebola, hivyo hatua hiyo haikuhitaji Ebola yenyewe.

Njia hii ina mipaka. Jeni ambayo seli haiwezi kuishi bila hiyo haionekani miongoni mwa zilizosalimika, na jeni mbili zikifanya kazi moja, kuizima moja hakuonyeshi kitu. Tena seli hizi hurudi polepole kuwa diploidi, yaani zenye seti mbili, kwa hiyo lazima zichambuliwe mara kwa mara. Tangu mwaka 2014 teknolojia ya CRISPR, ambayo hukata DNA mahali palipochaguliwa, imewezesha kuzima nakala zote mbili katika seli za kawaida, ingawa haploidi bado zinatumika.

Kuhusu Gulu, nitasema bila kuficha. Dawa ya kingamwili iitwayo Ebanga, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020, huzuia virusi kushikamana na NPC1, lakini ni ya Ebola ya aina ya Zaire pekee. Aina iliyowaua ndugu zetu wa Gulu, akiwemo Dkt. Matthew Lukwiya wa Hospitali ya Lacor, na iliyorudi Mubende mwaka 2022, ni ya Sudan. Nayo hupitia NPC1 hiyo hiyo, na ndiyo sababu watafiti wanatafuta kingamwili itakayoziba mlango huo kwa aina zote za Ebola.